Soma Karatasi ya Mzigo Kabla ya Kutia Sahihi

Tukipeleka mazao mbali kwa lori, garimoshi au meli, mzigo ukishaondoka hauna mdomo. Unaosemewa nao ni ile karatasi tunayopewa na karani.

Mwenzetu mmoja wa darasa la jioni alipeleka mjini magunia 6 ya maharage. Karani akaandika 5. Mwenzetu akatia sahihi mbio mbio, maana lori lilikuwa linanguruma. Mjini yakafika 5. Alipodai, akaonyeshwa sahihi yake mwenyewe. Na kusoma alikuwa anajua!

Basi tutazame jina la mtumaji na la mpokeaji, mahali mzigo unapokwenda, idadi, uzito, na nani analipa nauli. Gunia likiwa limechanika kabla ya safari, nalo liandikwe. Nakala moja tubaki nayo.

Nauli ya maharage hufuata uzito. Lakini matenga matupu, japo mepesi, hujaza gari, kwa hiyo huweza kutozwa kwa nafasi yanayochukua. Tuulize mapema.

Jina la mpokeaji liwe juu ya kila gunia pia, kwa sababu mzigo huweza kuhamishwa njiani. Kwa mfano, Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na ya TAZARA 1,067. Behewa la kawaida la huku haliwezi kupita kule, mpaka mzigo uhamishwe. Hapo ndipo gunia lisilo na jina hupotea.

Msimu uliofuata mwenzetu alimwambia karani, "Ngoja kwanza, ndugu." Akasoma mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, lori likinguruma.