Bima Tunayo, Lakini Ipi?

Ukisema "gari letu lina bima," unajua unachosema? Mimi nilikuwa sijui, na digrii ninayo.

Jumamosi moja mwaka 2023 nilitoka saluni Mwenge na IST yetu. Daladala iliyokuwa mbele ikafunga breki ghafla kushusha abiria. Mimi wakati huo napapasa simu kwenye pochi (kosa langu, sikatai). Puu! Boneti ikakunjana, taa zikavunjika, rejeta ikaanza kuvuja. Nashukuru hakuna aliyeumia. Nikampigia mume wangu: "Usijali baba, si tuna bima?"

Kimya. Kimya kile nakijua.

Kumbe mwaka ule alikata bima ndogo. Hiyo ndiyo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo. Trafiki akikusimamisha, uko safi. Ila inamlipa uliyemgonga, siyo wewe. Gari lako mwenyewe ni mpaka uwe na bima kubwa, na hata hiyo huwa kuna kiasi cha kwanza unachobeba wewe.

Sasa sikia hesabu. Gari la milioni 12, asilimia 3.5, ongeza VAT: shilingi 495,600. Bima ndogo ilikuwa 118,000. Na mimi nilikuwa nimempa laki tano mkononi! Unadhani niliwaza nini? Wanawake wenzangu mnajua. Usiku ule sikuuliza habari za gari, niliuliza jina la huyo mwanamke.

Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na ada ya chuo ya mdogo wake. "Nilijua ungekataa," akasema. Nisingekataa jamani. Ningenuna siku mbili, basi. Kilichoniuma ni kwamba miezi saba niliendesha lile gari nikijiona nimefunikwa, na mwenzangu anajua sijafunikwa.

Daladala ililipwa na kampuni ya bima. Sisi tukaenda Ilala kutafuta spea, fundi akanyoosha bodi, ikatoka milioni 1.8 kwenye akiba ya kiwanja.

Shemeji alipohitimu nilipiga vigelegele kuliko mama yake. Bima iliyofuata tulienda kukata wawili. Wakala akamgeukia mume wangu kumweleza masharti. Yeye akaninyooshea kidole: "Mweleze huyu."