Msitupe Kompyuta Kuukuu

Je, kikundi chenu kina kompyuta ya zamani? Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi nzima haziwezi kupokea Windows 11. Msizitupe! Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Ufini mwaka 1991, hupatikana bure.

Kwanza, nakilini hesabu na barua zenu zote kwenye flashi. Pili, ijaribuni Linux kwa flashi nyingine kabla ya kuiweka kabisa. Ikikataa, andikeni maneno ya kosa vile vile yalivyo, pamoja na aina ya mashine. Wanaojitolea husaidia bila malipo, lakini watamsaidiaje anayesema tu, "Imekataa"?

Hii ni harambee: aliyesaidiwa leo, kesho amfundishe mwenzake.