Umelipia Ngoma Lakini Ufunguo Si Wako: Soma Hii Kabla Ununue Lapi

Sema uko Kinna, umejaza simu ngoma za kukupeleka mwezi mzima malishoni, upande ule wa Bisanadi ambako mtandao ni wa kubahatisha. Siku za mwisho mwisho unabonyeza play, simu inakuambia uunganishe intaneti kwanza. Manze, na si doo ulilipa?

Hiyo ni kufuli. Ukidaunlodi ngoma Spotify, hupati MP3 kama zile ulikuwa unajaziwa kwa memori kadi na msee wa saiba. Unapata faili imefungwa, na ufunguo wake anao mwenye apu. Ndio maana ukiihamisha kwa flashi uchomeke kwa redio ya Probox, inakataa. Spotify wanataka uonekane kwa intaneti angalau mara moja kila siku 30. Ukiacha kulipia Premium, hizo ngoma zote zinanyamaza.

Hii stori ni ya kitambo. Apple walifungua duka la iTunes 2003, ngoma zikifungwa na kufuli inaitwa FairPlay: mwanzo kompyuta 3 tu, baadaye 5. Windows walipata iTunes mwaka huo huo. Watu wa Linux hawajawahi. Kwa hivyo ukinunua ngoma ulikuwa unachagua kompyuta pia, hata kama hujui. Microsoft nao walikuwa na kufuli yao, PlaysForSure, alafu 2006 wakatoa Zune ambayo haichezi ngoma za hiyo kufuli yao wenyewe. Wueh!

Apple walitoa kufuli kwa ngoma za kununua 2009. Zile za Apple Music, za kulipia kila mwezi, bado zimefungwa.

Sasa lapi. Kama moyo wako uko Apple Music, usikubali kuuziwa lapi ya Linux juu ni bei poa. Hakuna apu, ni brauza tu, na brauza bila mtandao ni picha. Ukiwa na MP3 hizo zako, hiyo maneno haikuhusu. Mdundo, kampuni ya Nairobi, wanakupa MP3 kabisa. Tangazo limechomekwa humo ndani, ndio, lakini inacheza hadi kwa kabambe.

Kuvunja kufuli? Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inakataza, na huyo fundi anakuambia ni kitu ya dakika mbili hatashikwa na wewe.

Kama ni lazima ubaki na Spotify, ingia kwa apu siku ile unatoka Kinna. Zile siku 30 zinaanza kuhesabiwa upya.