Umeme ukikatika kwenye barua ya 8,412

Msomaji mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi huko Biryogo, Nyamirambo, jijini Kigali, ameniletea swali ambalo nimekuwa nikilisubiri kwa hamu. Wateja wake siku hizi hawaji na flashi. Wanamtumia kazi kwenye Gmail ya duka: CV, tasnifu, fomu za maombi, vyeti vya Irembo, tovuti ya huduma za serikali, picha za pasipoti. Yeye anachapa, analipwa, barua inabaki palepale. Sasa GB 15 za bure zimejaa, na Gmail iliyojaa haipokei wala haitumi. Anataka kuzishusha barua zote kwenye kompyuta ya dukani kabla ya kuzifuta. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa mlangoni, akaongeza: "Na umeme ukikatika katikati, nianze upya?"

Hapana, dada yangu, huanzi upya. Sehemu ya kwanza ya swali nitaimaliza haraka kwa sababu haina utamu wowote. Huo umeme ndio nitakaoukalia.

Weka Thunderbird, programu ya bure ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004. Andika anwani ya duka, toa ruhusa kwenye ukurasa wa Google utakaofunguka, kisha ingia kwenye mipangilio na uiambie ihifadhi barua nzima kwenye kompyuta hii, si vichwa vyake tu. Ipo pia Google Takeout, inayofungasha barua zako zote katika faili moja la aina ya mbox. Inamfaa anayehama. Duka linalopokea barua kila siku halifaidiki nayo sana, maana kila ukiagiza unafungiwa mzigo wote tena.

Halafu subiri, na si saa moja wala mbili. Kwa njia ya IMAP, ambayo ndiyo Thunderbird inatumia, Google hairuhusu akaunti moja kushusha zaidi ya MB 2,500 kwa siku. Kama hizo GB 15 ni barua tupu, basi ni siku 6 kwa uchache. Kwa hiyo hata umeme usipokatika dakika moja, kazi itakatizwa tu. Na Kigali haina bahari: intaneti yetu inafika pwani kwa nyaya zinazopita Tanzania hadi Dar es Salaam, au Uganda na Kenya hadi Mombasa, ndipo izame baharini. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na Afrika Mashariki nzima ikayumba. Aliyebuni namna ya kushusha barua alijua tangu mwanzo kwamba laini hukatika.

Aliyeanzisha IMAP ni Mark Crispin, mwaka 1986, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford. Alichokuwa anakabiliana nacho ni swali ambalo kompyuta ya Biryogo inajiuliza kila asubuhi inapowashwa: zipi ninazo tayari, na zipi sina? Jibu linalokuja upesi ni kuhesabu. Nina barua 8,412, basi nipe kuanzia ya 8,413. Linapendeza, mpaka kijana wa dukani afute tangazo moja kwa simu yake. Barua ya 3 ikiondoka, zote zilizo nyuma yake zinasogea hatua moja. Ile iliyokuwa ya 8,413 sasa ni ya 8,412, na kompyuta itairuka ikiamini inayo. Hakuna kengele itakayolia. Tasnifu ya mtu imepotea, na hakuna aliyeona.

Aliyewahi kufanya kazi kwenye masjala ya ofisi ya serikali anajua dawa yake. Barua ikiingia, karani anaigonga muhuri, anafungua daftari, anaandika namba inayofuata, na namba hiyohiyo anaiandika kwa kalamu juu ya barua. Kisha barua inakwenda kwenye jalada. Tangu hapo ina namba mbili. Moja ni nafasi yake jaladani: ya tatu kutoka juu, ya kumi. Hiyo hubadilika kila mtu anapochomoa karatasi. Nyingine ni ya daftari, na hiyo haibadiliki. Barua namba 8,397 ikichanwa, namba yake inakufa nayo. Karani mwenye akili zake hampi mgeni namba ya marehemu. Daftari linabaki na mapengo, na mapengo hayamdhuru mtu.

IMAP ilichukua mtindo huohuo. Nafasi jaladani ipo, lakini pembeni yake kuna namba ya daftari iitwayo UID, iliyoingia katika toleo la nne la itifaki hiyo, Desemba 1994. Sheria zake ni za karani: inapanda daima, hairudiwi, mapengo ruksa. Tarishi anayekuja kuchukua barua hana haja ya kubeba nakala za zote ili azilinganishe. Anabeba namba moja tu, ya mwisho aliyoipokea. (Programu nyingine huanza na barua mpya na kurudi nyuma, hizo hubeba orodha ya namba, lakini kanuni ni ileile.) Na barua iliyokuwa njiani umeme ulipokatika? Seva hutangaza idadi ya baiti kabla ya kuimwaga barua yenyewe, kwa hiyo nusu inajulikana kuwa ni nusu. Namba yake haijatiwa saini. Itaombwa tena.

Lakini siku moja daftari linaungua. Au ofisi inahamia jengo jipya na karani mpya anafungua daftari jipya kuanzia 1. Tarishi wetu anafika, "Mimi ninazo hadi 8,412," anaambiwa daftari limefika 300 tu, anashukuru na kwenda zake bila barua hata moja. Ndiyo maana juu ya jalada la daftari huandikwa namba ya daftari lenyewe, na tarishi anatakiwa aisome hiyo kwanza, kabla ya kufungua kinywa. Katika IMAP huitwa UIDVALIDITY. Ikiwa ni ileile ya jana, namba zako zina maana. Ikibadilika hata kidogo, zitupe zote. Hapo tu, dada, ndipo unapoanza upya, na sababu yake si umeme.

Kwa kujaa, daftari hilo halijai. UID ni namba ya biti 32, inafika 4,294,967,295. Duka linalopokea barua 100 kwa siku litahitaji zaidi ya miaka 117,000 kulimaliza. Linalobadilishwa ni lile la seva iliyohamishwa, au la folda iliyofutwa ikaundwa tena kwa jina lilelile.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi kiasi cha kuchekesha. Kompyuta inaomba Kikasha kifunguliwe. Seva inajibu, pamoja na mambo mengine, UIDVALIDITY 1 na UIDNEXT 8431. Ya pili ni karani anayetaja mapema namba itakayofuata, kwa hiyo kompyuta inajua tayari kwamba mpya haziwezi kuzidi 18. Inaandika:

UID FETCH 8413:*

yaani, niletee kuanzia 8,413 hadi kinyota, na kinyota ni namba kubwa kuliko zote zilizopo. Hapo pana kituko ninachokipenda kuliko yote. Tuseme hakuna barua mpya hata moja, na kubwa iliyopo ni 8,412. Ungedhani utaambiwa hamna kitu. La. Utaletewa 8,412, uliyonayo tayari! Kuanzia 8,413 hadi 8,412 ni safari ya kurudi nyuma, na itifaki inaihesabu kuwa safari halali. Waraka wa mwaka 2003 uitwao RFC 3501 unalisema hilo waziwazi, kwamba ombi la namna hii litaleta barua ya mwisho daima. Programu isiyojua itashusha barua ileile kila inapouliza, na kama mwisho wa Kikasha ni tasnifu yenye picha, bando litajua.

Gmail ina ujanja wake. Haina folda za kweli, ina lebo, ila mbele ya IMAP kila lebo hujionyesha kama folda yenye daftari lake. Barua moja yenye lebo mbili inaweza kuwa na namba tatu katika madaftari matatu, ukiongeza lile la barua zote, na ikashuka mara tatu huku ikila MB 2,500 zako. Chagua hiyo folda ya barua zote peke yake.

Sasa kuhusu neno. Simu zetu zikitumia Kiswahili husema zina*sawazisha*, na huo ndio ukweli wa kazi ambayo Thunderbird imefanya kufikia hapa: ukichimba huku, na kule panashuka. Ukifuta kwenye Gmail, kesho asubuhi na kompyuta itafuta. "Nakala rudufu" nayo hainiridhishi. Rudufu ni maradufu tu, na haisemi kama hizo mbili zimefungwa kamba moja. Mimi huandika "nakala ya kando", wahariri huirekebisha, nami huirudisha. Google wenyewe waliijua thamani ya nakala ya kando tarehe 27 Februari 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua za takriban asilimia 0.02 ya watumiaji wa Gmail. Walikuwa na nakala katika vituo zaidi ya kimoja, na hitilafu ilizifikia. Zilizookoa barua zile zilikuwa kanda za sumaku, zilizokaa pembeni bila kuunganishwa na chochote.

Kwa hiyo barua zikishakamilika kushuka, zinakili ndani ya Thunderbird kwenda kwenye folda za kompyuta yenyewe, zile zisizo chini ya anwani ya Gmail. Kisha ifunge programu na unakili folda nzima kwenye diski ya nje. Zima intaneti, fungua barua chache za zamani zenye viambatisho, hakikisha PDF zinafunguka. Na kwa kuwa ndani mna vitambulisho vya watu, diski hiyo ifungwe kwa nenosiri na visivyohitajika tena vifutwe; sheria ya Rwanda namba 058/2021 ya data binafsi inakuhusu na wewe.

Baada ya hapo futa. Usishangae Gmail ikiendelea kusema imejaa: barua zilizofutwa hukaa kwenye Tupio siku 30, na muda wote huo zinahesabiwa ndani ya GB 15. Fungua Tupio, limwage, ndipo wateja waanze kukutumia tena.