Kodi Iliyozaliwa Vitani

Mwanasosholojia wa Marekani, Charles Tilly, alieleza jinsi vita vilivyojenga dola za Ulaya. Mfalme akitaka kupigana huhitaji fedha, na fedha ziko kwa raia. Raia naye hatoi bure: anadai baraza, mahakama, haki zake. Katika mvutano huo wa karne nyingi zikapatikana serikali zenye ofisi za kodi, na mabunge ya kuzihoji.

Ukiishusha hoja hiyo Kigombe, kijiji cha wavuvi kati ya Tanga na Pangani, nusu yake inasimama na nusu inaanguka.

Agosti 1888 Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kutwaa utawala wa pwani, uliokodishwa kwake na Sultani wa Zanzibar. Ikapandisha bendera Pangani, ikashika forodha, ikawatweza watu waliozoea kuwa na sauti katika miji yao. Akainuka Abushiri bin Salim, na pamoja naye wenye mashamba ya miwa, majumbe, Wazigua na Wabondei, watu ambao wenyewe kwa wenyewe hawakupatana kwa mengi. Kampuni haikuwa na jeshi la kuwakabili. Januari 1889 Bunge la Ujerumani likaidhinisha maki milioni 2, na ofisa wa Kijerumani, Hermann Wissmann, akaajiri askari: Wasudani kutoka Misri na Washangana kutoka Msumbiji. Julai mwaka huo akazitwaa Pangani na Tanga. Desemba 15 Abushiri akanyongwa Pangani.

Tazama fedha zile zilikotoka. Vita vya kuishinda pwani vililipiwa Berlin, kwa hiyo hakuna mtawala aliyelazimika kuketi na wazee wa pwani hiyo ya Mrima kuwaomba mchango na kusikiliza masharti yao. Hapo ndipo hoja ya Tilly inapokatika. Nusu iliyosimama ni ya vita kuzaa dola na kodi: mwaka 1891 askari wa Wissmann wakafanywa jeshi la koloni, na koloni lenyewe likatoka mikononi mwa kampuni likawa la dola. Kodi ya nyumba ikatangazwa 1897, wanaotozwa wakiwa wamekwisha kushindwa vitani. Mkusanyaji akawa akida. Kabla ya vita, akida wa miji ya pwani alikuwa mkuu wa wapiganaji, na watu wa mji wake ndio waliokuwa na haki ya kumuuliza. Sasa aliyemuuliza ni ofisa Mjerumani wa wilaya. Kwangu mimi msiba huu ni mzito kuliko kitanzi cha Pangani, kwa sababu kitanzi kilimuua mtu mmoja, na huu ulivunja desturi ya mtawala kujibu kwa watawaliwa.

Kodi ilitaka fedha au kazi, na katika wilaya za Tanga na Pangani kazi ikawa mkonge. Vita vingine vikaja kuukuza. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Java na Ufilipino, Waingereza na wenzao wakakosa nyuzi za kusokotea kamba za meli, na Tanganyika, nchi ile ile ya Wajerumani iliyokuwa sasa mikononi mwa Waingereza, ikawa tegemeo lao. Sheria za wakati wa vita ziliruhusu wanaume kukamatwa na kupelekwa mashambani kwa nguvu. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, shirika la kuandikisha vibarua kutoka mbali: Wangoni, Wabena, Waha, hata watu wa Urundi. Hao ndio manamba. Vita vya Korea vilipozuka 1950, bei ya mkonge ikaruka tena.

Manamba wengi hawakurudi kwao. Walioa, wakajifunza bahari, na leo ukoo wenye jina la bara ni jambo la kawaida katika vijiji vya mkonge vya Tanga. Lakini darasani Vita vya Pili vya Dunia bado vinasimuliwa kwa askari wetu waliopelekwa Burma, na mkata mkonge hatajwi. Wapo wazee waliozaliwa katika kambi za manamba. Walimu wa historia wa Muheza na Pangani, wapelekeni wanafunzi wenu kwao na madaftari, mwaka huu.