Mwanamke Aliyeipiga Picha India Huru

Yapo matukio ambayo wananchi huyajua kwa picha kuliko kwa hotuba. Bendera ya India huru ilipopandishwa juu ya Ngome Nyekundu mjini Delhi, tarehe 16 Agosti 1947, miongoni mwa wapiga picha alikuwamo mwanamke aliyevaa sari. Huyo ni Homai Vyarawalla, atajwaye kuwa mwanamke wa kwanza nchini humo kuifanya kazi ya kupigia magazeti picha.

Alizaliwa mwaka 1913 huko Navsari, Gujarat, katika jamii ya Waparsi, akasomea sanaa Bombay. Ufundi wa kamera alifunzwa na Maneckshaw, aliyekuja kuwa mumewe. Picha zake za mwanzo zilichapishwa kwa jina la mume, ilhali jasho lilikuwa lake. Dhuluma ya namna hii haikuwa ya India peke yake.

Mwaka 1942 waliajiriwa Delhi na idara ya habari ya Waingereza. Alikwenda kazini kwa baiskeli. Kamera yake kubwa ya Speed Graphic ilitaka kipande kipya cha filamu kwa kila picha. Basi ilimlazimu kusubiri, kutazama, ndipo abonyeze. Juni 1947 aliwapiga viongozi wa chama cha Congress wakiinua mikono kuukubali mpango wa kuigawa nchi. Hotuba yaweza kusahihishwa baadaye. Mkono ulioinuliwa mbele ya kamera hauteremshwi.

Nehru ndiye aliyempenda zaidi kumpiga. Alimnasa akirusha njiwa, na hata akimwashia sigara mke wa naibu balozi wa Uingereza. Viongozi wapendao kupigwa picha wakiwa wamekakamaa mfano wa nguzo hawana budi kuzitazama picha hizo.

Mwaka 1970, mumewe akiwa amefariki mwaka uliotangulia, aliiweka kamera chini, asiridhike na adabu za wapiga picha wapya. Kwa miaka mingi jina lake lilisahauliwa, lakini filamu zilikuwapo. Nasi wa Unguja na Pemba tuna haki ya kuziuliza ofisi zetu: filamu za sherehe zetu zimo kabati gani, na nyuma ya picha pameandikwa jina la nani?

Hazina yake aliikabidhi kwa taasisi ya sanaa ya Alkazi, New Delhi. Serikali ya India ilimtunukia nishani ya Padma Vibhushan mwaka 2011. Alifariki Januari 2012, akiwa na umri wa miaka 98, na picha zile sasa huchapishwa kwa jina lake mwenyewe.