Kamba, Mawe na Maua

Mtaalamu hulaza kamba sakafuni. Ncha moja ni siku mtoto aliyozaliwa. Ya pili huachwa imekunjwa, maana miaka hiyo bado haijafika. Kisha mtoto hupanga maisha yake juu ya kamba hiyo: ua mahali palipokuwa na furaha, jiwe mahali palipouma. Bibi aliyemlea ni ua. Usiku aliopigwa ni jiwe, na ukubwa wa jiwe anauchagua mwenyewe.

Hivyo ndivyo inavyoanza KIDNET, tiba ya simulizi kwa watoto iliyotokana na kazi ya Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani.

Kwa mujibu wa nadharia yao, tukio la kutisha huhifadhiwa vipande vipande. Harufu ya pombe, mlio wa mlango na moyo kwenda mbio hushikana sana, ilhali “lini” na “wapi” hulegea. Ndiyo maana harufu ileile ikimfikia mtoto leo, mwili wake hutetemeka kana kwamba anapigwa sasa hivi. Katika vikao vinavyofuata husimulia kwa mpangilio, na akifika kwenye jiwe haharakishwi. Ulisikia nini? Mwili ulikuwaje? Na sasa, hapa tulipo, unahisi nini? Simulizi huandikwa, husomwa kikao kinachofuata, mtoto husahihisha, na mwishoni hukabidhiwa nakala yake.

Mwaka 2011 Katharin Hermenau, Tobias Hecker na wenzao walichapisha utafiti wa watoto 38 katika makao ya yatima nchini Tanzania. Ukatili waliofanyiwa ndani ya makao ulihusiana na matatizo yao ya kisaikolojia zaidi kuliko ule wa nyumbani walikotoka. Watoto wenye dalili za kiwewe walipewa KIDNET, lakini utaratibu wa malezi nao ulibadilishwa, viboko vikaachwa. Ukatili ulipungua, hali za watoto zikaboreka. Kwa kuwa yote mawili yalifanyika katika nyumba moja, ni vigumu kusema lipi lilitibu zaidi.

Mimi naegemea la pili, ingawa kamba na maua hupendeza zaidi kwenye picha za wafadhili. Mtoto anayesimulia Jumanne na kuchapwa Jumatano anaongezewa jiwe jingine. Baadaye watafiti haohao waligeukia walezi, wakawaandalia mafunzo ya malezi yasiyo na viboko, na humo walezi hutakiwa kutafakari jinsi wao wenyewe walivyoadhibiwa utotoni.